Kipande kipya, nyasi kiunoni: shajara ya kusafisha

Jumamosi, kukabidhiwa

Kipande ni changu tangu asubuhi. Mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200, na udongo hauonekani popote. Nyasi zimefika kiunoni, na kule mwisho, ambako maji ya mvua hutuama, zinanipita mabega. Kimekaa bila mtu misimu kadhaa. Aliyekuwa nacho aliacha hata vyombo vyake humo humo, vikamezwa.

Fyekeo sikulibeba, makusudi. Kazi ya leo ilikuwa kuzunguka na fimbo ndefu, kupiga nyasi mbele yangu kabla ya kukanyaga, mabuti miguuni na suruali imechomekwa ndani ya soksi. Nyoka wengi wakisikia kishindo huondoka wenyewe. Nyigu utawajua kwa kuwaona wakiingia na kutoka mahali pamoja. Kupe, huyo unamtafuta mwilini jioni ukifika nyumbani.

Fimbo iligonga vitu: vigingi vya chuma, ndoo iliyopasuka, na uzio wa waya uliolala chini, nyasi zikaota kupitia matundu yake. Huo waya ndio ulionila muda. Hautoki kwa kuvuta, maana kila tundu limeshikwa. Nimekata kwa mundu pembeni yake kidogo kidogo, huku nikiukunja. Fyekeo likinasa kwenye waya wa namna hiyo linaweza kukurudia mguuni. Vile ambavyo sikuweza kuving'oa leo nimevifunga kitambaa chekundu, juu, mahali pa kuonekana.

Mwisho nikapiga magoti hapa na pale, nikatenganisha majani nione kilichoota ni nini hasa. Wakazi wakubwa ni watatu. Katikati yote kuna nyasi ndefu za mashungi, kila shungi na shina lake, mizizi ikiwa chini yake tu. Hizo ni kelele, si vita. Upande wa njia kuna ukoka, umetambaa juu na chini. Na kule penye unyevu kuna ndago. Ndago inafanana na nyasi mpaka ushike shina lake na kulizungusha kati ya vidole: lina pembe tatu, halina vifundo. Nyasi halisi shina lake ni la duara, tena lina vifundo.

Nimechora ramani kwenye karatasi, nikagawa kipande sehemu tatu kufuata mimea hiyo. Mtu akipita njiani anaona bahari moja ya majani, lakini kila sehemu inataka dawa yake.

Jumapili, kufyeka

Nimeanza kwa tupa. Fyekeo nilibana kati ya mawe mawili, makali yakiangalia juu, nikapitisha tupa kwa upande mmoja tu, nikisukuma kwenda mbele na kuinyanyua wakati wa kurudi. Ukivuta tupa nyuma bila kuinyanyua unaua meno yake bure. Baada ya muda ukipitisha kidole gumba kwa upande, si kwa urefu, unasikia ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili. Hapo ndipo unageuza na kuupangusa kwa mikwaruzo miwili mepesi. Nimerudia kunoa kila nilipohisi jani linalala badala ya kukatika. Fyekeo butu ndilo linalochosha mgongo.

Kabla ya yote nimekata masuke yaliyokomaa na kuyaweka kwenye gunia. Ukifyeka kwanza, mbegu zote zinamwagika kwenye udongo unaotaka kuutumia. Kisha nimefyeka kwa awamu mbili: ya kwanza usawa wa goti, nikakusanya, nikatazama tena chini, ya pili karibu na ardhi. Awamu hiyo ya pili ndiyo iliyonionyesha tofali lililojificha na shimo ambalo lingenivunja kifundo cha mguu.

Asubuhi mapema, umande ukiwa bado upo, majani ni laini na yanakatika vizuri. Jua likipanda yanakauka, yanakuwa magumu na kuteleza mbele ya makali. Nikaacha kufyeka, nikashika reki.

Mchana nusu ya kipande ilikuwa imelazwa. Rundo limekuwa kubwa kuliko nilivyotazamia.

Katikati ya wiki, rundo

Nimekuja jioni kushughulikia rundo tu. Majani mabichi yana nitrojeni nyingi. Ukiyarundika peke yake yanashikana, yanakosa hewa na kutoa harufu mbaya. Makavu ya misimu iliyopita yana kaboni nyingi na nitrojeni kidogo, nayo peke yake yatakaa hapo muda mrefu bila kuoza. Mboji huenda vizuri kaboni ikiwa kama mara 25 hadi 30 ya nitrojeni, kwa hiyo nimepanga kwa tabaka, mabichi na makavu, nikinyunyiza maji kwenye makavu mpaka yawe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa.

Masuke hayamo. Mbegu nyingi za magugu hufa rundo likipata joto la nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa, lakini rundo dogo halifiki huko kila mahali, hasa pembeni. Mimi siamini rundo langu kiasi hicho. Gunia la mbegu litabaki gunia la mbegu mpaka nipate pa kulitupa.

Kitu kingine nilichokataa: kuyachanganya majani makavu moja kwa moja na udongo. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji nitrojeni, na visipoipata kwenye majani vinaichukua udongoni. Mimea michanga inageuka manjano huku mwenye shamba akilaumu mbegu. Makavu yakikaa juu ya udongo kama matandazo, shida hiyo ni ndogo sana.

Jumamosi, kuchagua njia

Sehemu niliyofyeka Jumapili imeshachipua. Kijani chepesi, urefu wa kidole. Wala sikushangaa. Nyasi hukua kuanzia chini, pale shina linapokutana na ardhi, si kwenye ncha; ndiyo maana mnyama anaweza kulisha eneo lile lile mwaka mzima na nyasi zisife. Kufyeka kumenipa nafasi ya kuona na kupita, basi. Nyasi zenyewe bado zipo, ziko chini.

Mzee wa kipande cha jirani alinikuta nimesimama natazama.

"Mwanangu, nikuazime mashine yangu ya kulimia. Saa moja tu umemaliza."

"Nashukuru, mzee. Lakini pale njiani ni ukoka mtupu."

Akaenda kutazama, akarudi akicheka. "Basi hapo usiiguse. Itakupandia."

Ndivyo ilivyo. Mashine inakata rizomu, yale mashina yanayopita chini ya ardhi, vipande vipande, na kila kipande chenye kifundo kinaweza kuwa mmea mpya. Ardhi inapendeza kwa wiki mbili, kisha inarudi na ukoka mwingi kuliko ule wa mwanzo. Kwenye nyasi za mashungi mashine ingefaa, ila kuna mawe na ule waya ambao sina hakika nimeutoa wote.

Dawa ya kuua magugu nimeifikiria pia, maana wengi hapa wangeanza nayo. Glifosati, ambayo uwezo wake wa kuua mimea ulitambuliwa na John Franz mwaka 1970, huingia kwa majani na kushuka mpaka mizizini, kwa hiyo dhidi ya ukoka inafanya kazi kweli. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine za udhibiti zilifikia maoni tofauti. Mabishano hayo siyamalizi mimi. Sababu yangu ni ndogo zaidi: vipande vya jirani vimebanana na changu, upepo huwa haukosi, na mimea ya watu imeshaota.

Uamuzi: mita za mraba 40 nizichimbe kwa mkono sasa hivi, nizipande. Zinazobaki nizifunike na zisubiri. Naona watu wengi wanashindwa na vipande vipya kwa sababu wanafungua ardhi yote kwa pamoja, halafu hawana mikono ya kuilinda. Ardhi iliyo wazi haikai wazi.

Jumapili, ukoka

Jembe uma, si jembe la kawaida. Jembe la kawaida hukata, na hapa sitaki kukata chochote.

Nimeweka kamba kati ya vigingi viwili na kuchimba kwa mistari, nikirudi kinyumenyume nisikanyage nilipomaliza. Udongo ulikuwa na unyevu wa juzi, hali nzuri kabisa: ukiwa mkavu rizomu zinakatika, ukiwa tope zinang'ang'ania na unaharibu udongo kwa kuukanyaga. Meno yanazama, unauegemea mpini mpaka donge liinuke, kisha hulipigi. Unalitikisa. Udongo unaanguka, na kinachobaki mkononi ni wavu.

Nimekaa na donge moja kwa muda mrefu nikilifumua. Rizomu ya ukoka ni nyeupe-manjano, unene wa uzi wa kiatu, na kila baada ya sentimita mbili tatu ina kifundo chenye gamba dogo la kahawia. Ncha yake ni kali kama sindano. Moja nimeikuta imetoboa kiazi kilichosahauliwa ardhini na kutokea upande wa pili. Unapoivuta taratibu, ikiwa imelala sambamba na ardhi, inakuja kwa urefu wa mkono mzima ikiacha mfereji mdogo juu ya udongo. Ghafla inapiga kona kwenda chini, na hapo inakatika kwa sauti unayoisikia. Hicho kilichobaki chini lazima ukifuate kwa vidole.

Nyingi ziko ndani ya sentimita 15 za juu. Inaonekana si kitu, mpaka upige hesabu: mita moja ya mraba kwa kina hicho ni lita 150 za udongo wa kupitisha mikononi. Mita 40 ni lita 6,000. Ndiyo sababu sikugusa zaidi ya hapo.

Rizomu zote nimezitandaza juu ya bati kuukuu, hazigusi ardhi. Zikikauka mpaka zikunjwapo zinavunjika, zinaweza kwenda kwenye mboji. Zikiwa bado zinapinda, hapana. Zile nene zaidi nimezizamisha kwenye pipa la maji na kulifunika; zikikaa humo wiki kadhaa zinaoza, na maji yake yanaweza kumwagiwa mimea, ila uyapunguze makali kwanza na usisimame upande wa upepo unakoelekea.

Wikendi iliyofuata, ndago

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa naiahirisha. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walipoyapanga magugu mabaya zaidi duniani, ndago waliiweka ya kwanza, na ukichimba shina moja unaelewa. Chini yake kuna kijirungu cheusi, kutoka hapo uzi mwembamba unaenda kwenye kirungu kingine, kisha kingine. Mmea wa juu ukiwa hai, vile vya nyuma vinalala. Ukinyofoa majani unavunja mnyororo, na vilivyolala vinaamka. Mtu anayeipalilia ndago mara moja na kuondoka, ameizidisha.

Kuifunika kwa nailoni nyepesi nako ni kazi bure. Jani la ndago linachipua likiwa limesokotwa na lina ncha ngumu, linaitoboa nailoni na kutokea juu. Maboksi nayo hulitoboa yakishalowa.

Nimechukua njia mbili. Sehemu ndogo, ile inayopakana na eneo la kupanda, nimechimba kwa kina cha beleshi na kupitisha udongo kwenye wavu wa kuchekechea, nikatoa virungu kwa mkono. Virungu vikianikwa juani mpaka vikauke kabisa vinakufa, kwa hiyo navyo vimekwenda kwenye bati. Eneo kubwa lililobaki nimeliacha liote, ila kila ninapokuja nang'oa vile vilivyo na majani machache, kabla ya jani la sita. Kabla ya hapo mmea unatumia akiba ya kirungu. Ukikawia unaanza kutengeneza virungu vipya na hesabu inarudi mwanzo. Ni kazi ya msimu mzima, labda miwili. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo baadaye nitapanda hapo kitu chenye majani mapana kama maboga kinisaidie.

Siku ya mawingu, kufunika

Kazi nyepesi kuliko zote na ndiyo niliyoifurahia. Eneo la nyasi za mashungi nimelifyeka tena chini kabisa, nikalimwagia maji, nikatandaza maboksi. Gundi ya karatasi na vibanio vimetolewa vyote, maana visipotolewa leo nitaviokota kwa miaka. Kila boksi limelalia jenzake kwa sentimita 20 hivi. Nyasi hutafuta mwanya, na zikiupata zinapita. Yakalowanishwa, yakafunikwa kwa majani makavu ya rundo, unene wa sentimita 15.

Mita zilizobaki upande wa ukoka zimepata turubai zito jeusi, pembeni limefukiwa na kukandamizwa kwa mawe. Giza peke yake linaua nyasi kwa kuzimalizia akiba, lakini ukoka una akiba kubwa, kwa hiyo turubai hili sitalifunua mpaka msimu wote wa kuota upite. Nikichungulia nikaona vichipukizi vyeupe virefu, hiyo ni habari njema: vinakula akiba na havipati mwanga.

Rafiki aliniuliza kwa nini nisitumie nailoni angavu, kwa kuwa amesikia inachoma magugu. Anachosema ni kweli, na ni kitu tofauti. Njia hiyo, iliyoelezwa na Jaacov Katan na wenzake mwaka 1976, inapitisha jua na kulizuia joto lisitoke, udongo unapata joto la kuua mbegu na vimelea vya magonjwa. Inataka udongo wenye unyevu, nailoni iliyobana ardhi, na wiki nne hadi sita za jua kali kweli kweli. Angavu chini ya mawingu ni banda la kuoteshea nyasi. Kwa mawingu haya, jeusi.

Baada ya mvua, kuotesha magugu kwa makusudi

Zile mita 40 nimezisawazisha kwa reki, nikatengeneza matuta, na sikupanda. Mpita njia mmoja aliniuliza nangoja nini. Nangoja magugu. Kuchimba kumezileta juu mbegu zilizolala miaka, na nyingi hungoja mwanga kidogo tu ili ziote. Mvua imezisaidia: matuta yamefunikwa na kijani kama vumbi.

Leo nimezipitia kwa jembe dogo la kusukuma, kina cha sentimita mbili, si zaidi, asubuhi ya jua ili zikauke mchana huo huo. Ukizama zaidi unaleta juu kundi jingine la mbegu na mchezo unaanza upya. Nitarudia mara moja tena kisha nipande. Katika kijani hicho chipukizi za ukoka zilikuwa chache, na zote nilizozifuata zilitoka kwenye vipande vifupi nilivyovikosa. Hizo natoa kwa uma, si kwa jembe.

Kuna jambo limebadilisha mpango wa kupanda. Kwenye udongo nimekutana na vibuu vyembamba vya rangi ya kahawia-manjano, vigumu kama waya ukivibana. Ni watoto wa aina ya mbawakawa wanaopenda ardhi iliyokaa na nyasi muda mrefu, nao hukaa udongoni miaka kadhaa kabla ya kukua. Nyasi zikiondoka wanatafuta chakula kingine, na hutoboa viazi na karoti. Nimefukia vipande vya viazi vilivyochomekwa vijiti, niwe navichomoa kila baada ya siku chache na kutoa waliomo. Mimea ya mizizi mwaka huu haipandwi hapa. Matuta yatakwenda kwa maharage na maboga.

Jumamosi, mpaka

Kinachonisumbua sasa ni pembeni. Ukoka wa njia umeshatuma mashina juu ya udongo kuja kwenye matuta, mengine marefu kuliko mguu wangu, kila kifundo kikitafuta mahali pa kushika. Nimeyakunja kurudi yalikotoka na kukata kwenye ukingo.

Dawa ya kudumu ni mtaro wa kina cha sentimita 20 kuzunguka eneo lililosafishwa, ulioachwa wazi, unaokatwa ukingo wake kwa beleshi kila wiki mbili tatu. Rizomu ikitokeza hewani unaiona na kuikata. Upande wa njia nimeshamaliza. Upande wa mzee jirani nimemwomba ruhusa, maana mtaro utakula kidogo ya kwake. Amekubali, tena anataka uwe mpana zaidi, kwa kuwa ukoka wangu umekuwa ukimwingilia miaka yote kipande hiki kilipokuwa hakina mtu. Tutauchimba wote wawili Jumamosi ijayo, yeye akianzia juu na mimi chini, na udongo wake nitauchekecha mimi, kwa vile virungu vya ndago vilivyomo ni vya upande wangu.